*SARATANI SI YA WAZEE TU: TUWAKINGE MABINTI ZETU*

Ndugu wanachama wa Tawi la Mwera,

Umepita tena kwenye kundi letu ule ujumbe wa sauti unaodai chanjo ya HPV inafunga kizazi. Safari hii hatunyamazi.

Duniani, wagonjwa wapya wa saratani walio chini ya miaka 50 walikuwa takriban milioni 1.82 mwaka 1990. Mwaka 2019 walifika milioni 3.26. Hapa Tanzania, saratani inayoongoza kwa wanawake ni ya mlango wa kizazi. Inaletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Binti huvipata angali kijana, na saratani hujitokeza miaka 15 hadi 20 baadaye, pengine akiwa bado ananyonyesha. Kwa anayeishi na VVU huwahi zaidi.

Chanjo haifungi kizazi. Saratani ndiyo inayokifunga, maana tiba yake mara nyingi ni kutoa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi. Na wengi hufika Ocean Road, Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa. Kwa mtu wa Mwera hiyo ni nauli, malazi, na shamba lililoachwa bila mtu.

Chanjo ni bure. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, kwa miaka 9 hadi 14.

Tunakiri kosa letu viongozi. Mikutanoni tumesemea barabara, maji na bei ya nazi, la chanjo tukawaachia akina mama na walimu. Baba akikataa nyumbani, nesi atafanya nini?

Kwa hiyo tunaomba:

1. Mwenye binti wa miaka 9 hadi 14 aulize zahanati au shuleni kama ameshachanjwa. Akina baba, hili ni lenu pia.
2. Akina mama kuanzia miaka 30, na wanaoishi na VVU kuanzia 25, wakapimwe. Kipimo cha siki ni cha dakika chache, na dalili za awali hutibika kabla hazijawa saratani.
3. Ujumbe wa afya usiojulikana umetoka kwa nani, usiurushe. Muulize kwanza mhudumu wa afya.

Virusi haviulizi kadi ya chama. Mfikishie na jirani asiye mwenzetu.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

*Uongozi wa Tawi, Mwera*