Safari ya Wawili, Bajeti ya Mmoja

 

Mwezi uliopita nilikuwa Bariadi kwa shoga yangu niliyesoma naye chuo. Yeye ni mwalimu wa sekondari, mumewe ni mpiga picha za harusi, na wana shamba lao la pamba. Ndoto yao ni moja: kwenda Mafia kumpiga picha papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, akiwa ndani ya maji. Walikubaliana kuweka shilingi 150,000 kila mwezi kwa miezi 18, jumla 2,700,000. Pesa zikawa zinakaa kwenye laini ya simu ya shemeji.

Basi bwana, siku ya pili tu nikakuta nyumba imenuna. Shemeji kachota 900,000 kimya kimya, kanunua kava la kuzamishia kamera pamoja na flashi yake. Miezi sita ya kujinyima imeyeyuka! Shoga akaniambia, "Hela inauma, lakini kinachoniua ni kwamba hakuniambia." Shemeji naye: "Shem, nilitaka kumfanyia sapraizi."

Sapraizi! Jamani, sapraizi hufanywa kwa pesa yako, si kwa pesa ya wawili.

Usiku ule tukakaa mezani na daftari, sisi watatu. Tukaanza na njia: basi mpaka Dar, kisha ama ndege ndogo, ama barabara hadi Nyamisati na chombo cha majini mpaka Kilindoni. Hapo zidisha mara mbili, kwenda na kurudi, tena kwa watu wawili. Halafu malazi, chakula na boti ya kuwafuata potwe. Wakitaka kuona na matumbawe ya ghuba ya Chole, kuna kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisisahaulike nyumbani.

Kama wangezamia na mitungi ya hewa, kuna kozi ya siku tatu au nne, na baada ya kuzamia huruhusiwi kupanda ndege mpaka upumzike karibu siku nzima. Huo ni usiku mwingine wa kulipia, na wengi huusahau.

Lakini potwe haitaki mitungi. Anakula uduvi na vijidudu karibu na uso wa maji, unamwona kwa miwani na mrija wa kupumulia tu. Mwanga wa jua unatosha, tena kanuni za kumtazama zinasema usimguse na usimwashie flashi. Ile flashi ya shemeji, kwisha habari yake!

Nikamuuliza, "Shem, kuogelea unajua?" Kimya. Shoga akaangua kicheko, cha kwanza tangu nifike. Mtu kanunua vifaa vya kuzama, kuelea hajui! Mstari mpya ukaingia kwenye daftari: mafunzo ya kuogelea Mwanza, kwenye bwawa lenye mwalimu.

Tukaja kwenye tarehe. Potwe huonekana zaidi kati ya Oktoba na Februari, lakini katikati ya Novemba Bariadi wanapanda pamba. Ukiondoka wakati huo, utakula picha mwaka unaofuata. Wakachagua Februari.

Mpenzi msomaji, funzo ni hili. Bajeti ya wawili ianze na nauli, malazi na usalama, vifaa viwe mwisho, na vingine ni vya kukodi tu. Wekeni kiwango ambacho hakuna anayekivuka bila kumwambia mwenzie. Ongezeni sehemu moja ya kumi kwa dharura. Na pesa zikae mahali panapohitaji saini za wote wawili.

Shemeji kaahidi kurudisha zile 900,000 kutoka kwenye kazi zake za harusi, na akaunti ya pamoja wamefungua. Shoga bado ana kinyongo kidogo, na mimi simlaumu. Imani nayo inarudi kidogo kidogo, kama akiba.

Wewe je, mwenzio anajua mna shilingi ngapi leo? Muulize kabla hamjalala.

Tukutane mwezi ujao. Nawapenda!