Taa ya injini: Sensa si mkosaji kila mara
Na Mwandishi Wetu

TAA ya injini inapowaka kwenye dashibodi, si ajabu kumwona mmiliki wa gari lililotumika kutoka Japani akikimbilia Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kununua sensa. Wiki mbili baadaye fedha imekwisha, na taa ingali inawaka.

Chanzo cha hasara hiyo ni kuisoma vibaya kauli ya kompyuta. Mfumo wa OBD-II, uliokuwa wa lazima kwa magari mapya nchini Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1996, hutoa namba ya hitilafu. Hautaji kifaa kilichokufa. Mathalani, P0171 humaanisha kwamba hewa imezidi mafuta. Huenda sensa ya hewa ni chafu, lakini yawezekana pia mpira wa hewa umepasuka au pampu ya mafuta imechoka.

Ndiyo maana fundi makini huanza na waya na viungio vyake, kisha huipima sensa yenyewe. Sensa ya oksijeni ya aina ya kawaida, injini ikishapata moto, hupanda na kushuka kati ya takriban volti 0.1 na 0.9. Ikifanya hivyo, kuibadili ni kutupa fedha.

Kuchomoa betri ili taa izimike nako si tiba. Hufuta kumbukumbu tu, ugonjwa ukabaki. Na taa ikimetameta, dereva asimame mahali salama, kwani mafuta yasiyoungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi, ambacho ni ghali kuliko sensa.

Kabla ya kulipa, mwenye gari amuulize fundi: umepima nini?