CHETI CHA TABIA NJEMA NI MALI YA MFANYA KAZI

Ndugu wanachama,

Leo tunataka kusema juu ya karatasi moja inayowasumbua watu wengi hapa Kangeta na katika Igembe yote. Karatasi hiyo ni cheti cha polisi, ambacho sisi sote tunakiita cheti cha tabia njema.

Kazi ya reli ya siku hizi si kama ile ya babu zetu. Zamani mtu aliandikwa na Reli, akapewa chumba katika nyumba za Reli, akakaa miaka mingi kwa tajiri mmoja. Leo wengi wetu ni watu wa kandarasi. Miezi sita hapa, miezi mitatu pale. Wengine wetu walijenga reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017. Wengine wakaendelea nayo mpaka Suswa, ikafunguliwa mwaka 2019. Wengine walifyeka vichaka na kubadili mataruma katika njia ya Nanyuki ilipofufuliwa mwaka 2020. Kila kandarasi ikiisha, mkandarasi anayefuata anataka cheti kipya, hata kama kile cha kwanza kina miezi miwili tu. Mtu ni yule yule, vidole ni vile vile, na reli ni ile ile, lakini cheti kinatakiwa upya.

Tutawaambia habari za ndugu yetu mmoja, bila kutaja jina lake wala jina la mkandarasi. Kandarasi yake iliisha, akarudi nyumbani Kangeta. Baada ya siku chache alipigiwa simu na nyapara wa kampuni nyingine, akaambiwa, "Njoo na cheti cha tabia njema katika juma moja, nafasi ziko." Ndugu huyu hakuwa na fedha, kwa hiyo aliikodisha miraa yake kwa jirani kwa msimu mzima. Alilipa Serikali shilingi 1,050. Akapanda matatu mpaka Meru mjini kutiwa vidole. Lakini mikono ya mtu aliyebeba kokoto na kupiga nyundo miaka kumi si mikono ya karani. Mistari ya vidole vyake ilikuwa imelika. Fomu ikarudishwa kwamba alama hazisomeki, akapanda matatu mara ya pili kutiwa vidole tena. Cheti kilipotoka kilikuwa safi kabisa, hakikuwa na neno lo lote baya. Akakipeleka kwa nyapara, naye nyapara akamjibu kwamba nafasi zimekwisha.

Ndugu wanachama, hebu tuhesabu pamoja. Ndugu huyu alipoteza ada ya Serikali, nauli ya safari mbili, na mavuno ya miraa ya msimu mzima. Naye hakuwa ameandikiwa neno hata moja la kandarasi. Watu waliotumwa kutafuta cheti walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwako, na yule aliyefika kwanza ndiye aliyechukuliwa. Hasara ya wengine ilibaki juu ya vichwa vyao wenyewe.

Hatusemi ya kwamba cheti hiki ni kitu kibaya. Reli hubeba watu na mali. Mtu anayefungua bolti katika njia anaweza kuua abiria mia kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 Serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa nyaya za umeme na vyuma vya reli. Wizi kama huo hutuharibia jina sisi sote, na mfanya kazi mwaminifu hana sababu ya kuogopa kuchunguzwa. Ugomvi wetu ni juu ya mambo matatu: cheti kinaombwa wakati gani, kinaombwa mara ngapi, na kwa fedha za nani.

Mambo haya si mapya kwa watu wa Meru. Babu zetu walikijua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitiwa vidole katika wino, akapewa karatasi ya kuchukua katika kikebe cha chuma, akakivaa shingoni kama kengele ya mbuzi. Tajiri aliandika humo siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kumwachilia. Mtu aliyeondoka kabla ya kuandikiwa alihesabiwa mtoro, akakamatwa. Na tajiri mpya aliposoma mshahara wa zamani hakuona haja ya kuongeza hata senti moja. Bwana Harry Thuku alikipinga kipande, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kutaka aachiliwe walipigwa risasi tarehe 16 ya mwezi huo. Ilikuwa mwaka 1947 ndipo sheria mpya ilipotungwa ya kuwaandikisha watu wa kila rangi.

Baadaye ikaja Hali ya Hatari, mwezi wa Oktoba 1952. Serikali ya wakati ule iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru katika kundi moja la kushukiwa. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzunguka mji wa Nairobi, katika msako ulioitwa Anvil. Maelfu ya wafanya kazi wa makabila hayo matatu walitolewa majumbani na makazini, wakachunguzwa, na wengi wakafungwa kambini bila kesi yo yote. Katika miaka hiyo mtu wa huku hakuweza kusafiri kutafuta kazi bila pasi. Tena palikuwa na cheti cha uaminifu. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao ndio wa kwanza Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa makabila hayo matatu hakupiga kura kama hana cheti hicho. Wameru wengi walikuwa nacho, na Bwana Bernard Mate wa Meru akamshinda Bwana Eliud Mathu, ambaye alikuwa mjumbe wa Waafrika tangu mwaka 1944.

Hatukumbushi haya ili tuseme ya kwamba cheti cha leo ni kipande. Cheti cha leo huombwa na watu wa kila kabila, na husema yale tu yaliyomo katika kumbukumbu za polisi. Tunakumbusha kwa sababu kuna somo moja ndani yake. Kipande kiliwaumiza babu zetu kwa sababu mwenye kukiandika na mwenye kukitumia alikuwa tajiri, na mfanya kazi alikuwa wa kukibeba tu. Basi cheti cha tabia njema kisigeuzwe fimbo mkononi mwa nyapara.

Sasa sikilizeni sheria inasema nini, maana watu wengi hawajaambiwa. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iliongezwa kifungu kipya, cha 9A. Kifungu hicho kinasema ya kwamba tajiri asimtake mtu vyeti vya namna hii isipokuwa anakusudia kufanya naye mapatano ya kazi ya kuandikwa. Maana yake, kwanza useme unataka kumwandika mtu, ndipo umtake cheti. Kuwatuma watu hamsini Meru mjini wakati nafasi ni kumi si njia ya sheria hii.

Tena kuna kifungu cha 51 cha sheria hiyo hiyo. Kazi ikiisha, tajiri lazima akupe cheti cha kazi, isipokuwa kama ulifanya kazi chini ya majuma manne mfululizo. Cheti hicho huonyesha jina la tajiri na jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali pake, na siku uliyoacha. Tajiri halazimishwi kuandika juu ya tabia yako. Hapo ndipo mjue tofauti ya cheti hiki na kipande. Ndugu, wangapi kati yetu wanacho? Tulipouliza katika mkutano, mikono iliyoinuliwa ilikuwa michache sana. Tunaondoka kwenye kambi na mshahara wa mwisho, tunafurahi, tunapanda gari, na miaka yetu ya kazi inabaki huko nyuma bila shahidi. Halafu mkandarasi mpya anatuuliza tulikuwa wapi, nasi hatuna cha kumwonyesha isipokuwa cheti cha polisi.

Kwa hiyo tunawashauri hivi:

1. Msingoje kandarasi iishe. Kama cheti chako kinakaribia kutimiza mwaka, anza mapema ukiwa bado una mshahara. Ofisi nyingi hukihesabu kuwa kizima kwa mwaka mmoja. Ombi hufanywa kwa eCitizen, kisha unakwenda na kitambulisho, risiti na fomu ya vidole iitwayo C24, ambayo huchapwa pande mbili za karatasi moja. Wengi wamerudishwa kwa sababu walichapa karatasi mbili.

2. Wenye vidole vilivyolika wapumzishe mikono siku chache kabla ya kwenda, na kuipaka mafuta kila usiku. Siku ya kwenda mikono ioshwe na kukauka vizuri. Mwambieni afisa kazi yenu ni ya namna gani, ili achukue alama polepole.

3. Mtu asimpe wakala wala nyapara fedha "za kuharakisha", wala asinunue cheti cha bandia. Cheti cha bandia hujulikana kinapochunguzwa, na kukitumia ni kosa la jinai. Hapo mtu aliyekuwa safi amejipatia mwenyewe kesi aliyokuwa hana.

4. Mtu aliyewahi kushtakiwa, na kesi ikafutwa au korti ikamwachilia, asikae kimya akidhani mambo yamekwisha. Achukue kortini nakala ya hukumu yenye mhuri, aipeleke ofisi ya upelelezi ili kumbukumbu zirekebishwe. Afanye hivyo leo, si siku anayoitwa kazini.

5. Weka karatasi zako mahali pamoja: cheti cha polisi, kila cheti cha kazi, na kila mapatano uliyotia sahihi. Toa nakala kwa tajiri, na asili ibaki kwako. Mama watoto naye ajue zilipo.

6. Ukiombwa cheti, uliza kwa adabu: "Bwana, mapatano ya kazi yako wapi?" Ukijibiwa kwa ukali, andika jina la kampuni, siku na mahali, ulete kwa katibu wa tawi.

Hayo ndiyo ya kila mwanachama. Lakini yako mengine ambayo mtu mmoja hawezi kuyafanya, na hayo ni kazi ya chama. Tunataka yaandikwe katika mapatano na kila mkandarasi wa reli: kwanza, cheti kiombwe baada ya mtu kuchaguliwa, si kabla, pili, cheti ambacho hakijatimiza mwaka kikubaliwe na kila mkandarasi katika reli, bila kumrudisha mtu Meru mjini, tatu, mkandarasi akitaka kipya kabla ya mwaka kwisha, alipe yeye mwenyewe ada na nauli, nne, mtu aliyechaguliwa apewe muda wa kutosha, na nafasi yake isiuzwe wakati anangojea vidole visomwe.

Tunajua watakaosema, "Hawa watu wa vibarua wanataka makubwa." Tunawajibu ya kwamba mkandarasi hujumlisha katika hesabu yake bei ya kokoto, ya mafuta na ya kofia za chuma. Shilingi 1,050 za mtu anayemtaka haziwezi kumfilisi, lakini kwa mtu wa Kangeta ambaye hana kazi, fedha hizo na nauli yake ni chakula cha watoto.

Neno la mwisho. Huku kwetu, kabla ya fomu na wino, tabia ya mtu ilijulikana kwa wazee na kwa majirani. Wazee wa Njuri Ncheke hawakumuuliza mtu karatasi. Waliwauliza waliokaa naye. Siku hizo zimepita, na kazi yetu iko mbali na nyumbani, ambako hakuna mtu anayetujua. Kwa hiyo karatasi ni lazima. Lakini jina jema ni la mwenye jina, hata likiandikwa na polisi. Tusilinunue kila miezi mitatu kama tikiti ya gari.

Yule ndugu yetu bado yuko nyumbani. Cheti chake safi kiko katika sanduku, nacho kinazeeka siku kwa siku. Mkandarasi mwingine akija kumwita, tunataka afike na cheti hicho hicho, naye akubaliwe. Hilo litawezekana kama wote watakataa pamoja kudaiwa kingine. Kidole kimoja hakivunji chawa. Njoni mkutanoni, leteni vyeti vyenu vya kazi, na wasio navyo waje watuambie ni nani aliyewanyima.

Ni sisi ndugu zenu katika kazi,
Tawi la Kangeta.