Mpanda Ngazi Hushuka

Wahenga walisema kwamba mpanda ngazi hushuka, lakini hawakusema atashuka kwa namna gani. Mtu aweza kushuka kwa miguu yake, hatua baada ya hatua, akaenda nyumbani kula pamoja na watoto wake. Tena aweza kushuka kwa mgongo, akaenda nyumbani amechukuliwa. Tofauti ya mishuko hiyo miwili mara nyingi haitokani na bahati wala ushujaa, bali yatokana na mafunzo.

Katika nchi ya Kitui na Makueni kazi za juu ni nyingi kuliko watu wadhanivyo. Zikitajwa, mtu hukumbuka bwawa la Thwake, mahali mto Thwake uingiapo katika mto Athi, ambako mwaka 2018 ulianza kujengwa ukuta uliopangwa kufikia kimo cha mita 80 hivi. Hukumbuka pia mafundi wa umeme juu ya nguzo zao. Walakini wako wengine wasiokumbukwa: mfuga nyuki apandaye mbuyu usiku kurina asali, kijana achumaye maembe kwa ujira, fundi apigiliaye mabati, na mwenye nyumba atengenezaye mfereji wa paa ili mvua ya kwanza isipotee bure.

Hao ndio walio katika hatari ya kudanganyika, kwa kuwa mtu huogopa mita 30 akadharau mita 3. Yafaa ijulikane kwamba mtu aangukaye kutoka mita 3 hufika chini kwa muda usiotimia sekunde moja, naye hupiga ardhi kwa mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hana nafasi ya kujigeuza wala ya kushika tawi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ajili ya kuanguka. Kati ya ajali zote, ni zile za barabarani tu ziuazo watu wengi zaidi.

Serikali za Kenya zimekuwa na sheria juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Sheria ya Viwanda ilianza kutumika mwaka 1951, na kanuni za kazi za ujenzi zikatolewa mwaka 1984. Mwaka 1990 sheria hiyo ilipanuliwa ihusu mahali pengine pa kazi pia, na mwaka 2007 ikawekwa mpya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Sheria hii yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake maelezo, mafundisho na usimamizi, si vyombo peke yake. Mtu akifa kazini kwa ajali, mwajiri hana budi kumwarifu ofisa wa usalama katika muda wa saa 24. Sheria ya pili ya mwaka huo huo yahusu fidia ya aumiaye kazini.

Lakini mwenye kupanda mwembe wake mwenyewe hana mwajiri wa kumfundisha wala wa kumlipa fidia. Sheria yamwagiza ajiangalie nafsi yake, basi. Naye kijana aletwaye shambani na mnunuzi wa maembe, akilipwa kwa hesabu ya makreti, mara nyingi hajui kama mwajiri wake ni mnunuzi au ni mwenye shamba. Swali hilo na liulizwe wakati miguu ingali ardhini. Likiulizwa baada ya mfupa kuvunjika, kila mmoja atamwonyesha mwenzake kidole.

Je, mafunzo yenyewe hufundisha nini? Wengi hudhani kwamba ni kufundishwa kupanda bila hofu. Sivyo. Fundisho la kwanza ni kuuliza kama yapasa kupanda hata kidogo. Kazi iwezayo kufanywa mtu akiwa chini, na ifanywe chini.

Na uchukuliwe mfano wa nyuki. Wakamba wajulikana tangu zamani kwa mizinga ya magogo itundikwayo juu ya miti mirefu, na sababu ilikuwa nzuri: kuepuka nyegere na wezi. Lakini asali hurinwa gizani, kwa moshi, katikati ya nyuki wakali, na vigingi vilivyopigiliwa katika shina la mbuyu huoza bila kuonekana. Katika miaka ya 1970 ulibuniwa katika Kenya mzinga wa vijiti vya juu, ambao hutundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno cha mtu. Nyegere hapati njia ya kuufikia kwa urahisi, na waya ukipakwa grisi siafu hawapiti. Mrina asali husimama juu ya ardhi. Mti haupandwi, basi hakuna wa kuanguka.

Kadhalika maembe. Msimu wake huanza karibu na Novemba, wakati wa mvua, matawi yakiwa na utelezi. Miembe iliyopandikizwa, kama vile Apple, Kent na Tommy Atkins, ikipogolewa kila mwaka yaweza kuwekwa kimo cha kufikiwa na mtu aliye chini, mwenye mti wa kuchumia uliofungwa mfuko nchani. Embe lililoingia mfukoni halichubuki, na lisilochubuka lina bei. Basi chombo hicho kimoja chalinda mkono na mfuko pia.

Fundisho la pili ni la kazi isiyoepukika. Ngazi isimamishwe mahali pagumu, na kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake uwekwe mita 1 mbali na ukuta. Ikiwa mtu atashukia juu ya paa, ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita moja, nayo ifungwe kamba. Apandaye auelekeze uso wake kwenye ngazi, na wakati wote viungo vitatu vishike: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Vyombo vivutwe kwa kamba baadaye. Bati kuukuu lisikanyagwe bila ubao wa kutandaza uzito.

Fundisho la tatu ni la mshipi wa usalama. Mshipi huvaliwa mwili mzima, mapajani na mabegani, na kamba yake hufungwa mahali imara juu ya kichwa. Mshipi uliofungwa kwenye msumari ni pambo tu. Tena kabla ya kupanda ni lazima ijulikane nani atamshusha aliyening'inia, na kwa ngazi ipi, kwa maana mtu akining'inia bila kusogea damu huzuilika miguuni, na maisha yake huwa hatarini kwa muda wa dakika chache.

Fundisho la mwisho lawahusu walio chini. Aliyeanguka asiinuliwe kwa mikono na miguu, wala asiketishwe juu ya pikipiki katikati ya watu wawili. Huenda mfupa wa mgongo umevunjika, na kumkunja kwaweza kumfanya kiwete wa maisha. Kichwa na shingo vishikwe visitikisike, damu izuiwe kwa kitambaa safi, na msaada uitwe. Ikiwa hapana budi kumchukua, alazwe chali juu ya ubao au mlango, akibebwa na watu wengi kwa pamoja.

Wako watakaosema kwamba maskini hawezi kununua mshipi. Ni kweli kwamba mshipi una bei. Lakini kuuliza swali hakuna bei, kufunga ngazi kwa kamba ni kazi ya dakika mbili, na mti wa kuchumia hukatwa porini. Wakamba wana desturi ya mwethya, watu wakikusanyika kuchimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga. Hapana kizuizi cha mwethya huo huo kukutana siku moja kabla ya msimu, kukagua ngazi za kijiji, kuzichoma zilizooza, na kuwafundisha vijana mbele ya wazee.

Vijana hucheka aogopaye. Na wakumbuke kwamba baba akilala kitandani mgongo umevunjika, anayelima shamba lake ni mkewe, na anayeacha shule ni mtoto wake. Kila apandaye atashuka. Na ajifunze ili ashuke kwa miguu yake.