ALIYEIJUA HESABU YA KAMARI KULIKO WENZAKE WOTE



Wiki iliyopita baada ya Isha kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata pale barazani. Kijana mzuri, mwenye kichwa cha hesabu tangu akiwa madrasa. Mirathi alikuwa akiigawa haraka kuliko mimi mwalimu wake. Akaniambia, "Sheikh, kila Ijumaa mnasema anayebeti ataliwa. Wanaoliwa ni wale wanaobahatisha. Mimi sibahatishi, mimi napiga hesabu." Akanionesha mkeka kwenye simu, kisha akatoa daftari: timu, mechi za nyumbani, mechi za ugenini, mabao, yote kwa mistari iliyonyooka.

Usiku ule sikumjibu. Kusema kweli, jibu zuri sikuwa nalo. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mtu ambaye hesabu hiyo ya kijana wetu aliianza karibu miaka 500 iliyopita, na leo nataka niwaeleze habari zake.

Anaitwa Girolamo Cardano. Ni Mtaliano, alizaliwa Pavia mwaka 1501. Baba yake, Fazio, alikuwa mwanasheria wa Milan aliyeipenda jometri. Mtoto akasomea udaktari, akahitimu Padua, na baadaye sifa yake ikaenea Ulaya nzima. Mwaka 1552 alisafiri hadi Scotland kumtibu askofu mkuu aliyesumbuliwa na pumu, na mgonjwa akapata nafuu. Upande wa hesabu, kitabu chake Ars Magna cha mwaka 1545 hadi leo hakirukwi na yeyote anayesimulia historia ya aljabra.

Hapa simameni kidogo. Mwanzoni kabisa mwa kitabu hicho Cardano anakiri kwamba elimu hii ilianzia kwa Muhammad bin Musa. Huyo ni al-Khwarizmi wetu, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9, zama za Khalifa al-Maamun. Na sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi cha aljabra ni maswali ya wasia na mirathi: fulani amefariki, ameacha mke, mama na watoto, nani apate nini. Kwa hiyo yule mzazi anayemwambia mwanawe kuwa hesabu haina uhusiano na dini, alitafakari hilo.

Turudi kwa Cardano. Alikuwa mcheza kamari, na si kamari ya siku za sikukuu. Katika kitabu alichoandika uzeeni kuhusu maisha yake anakiri mwenyewe, kwa aibu, kwamba sataranji aliicheza kwa zaidi ya miaka 40 na dadu kwa miaka kama 25, kila siku iendayo kwa Mungu. (Sataranji tupu maulamaa wamekhitalifiana. Ikiwekewa pesa hapana khilafu.)

Na kwa kuwa alikuwa na akili, akayaandikia kitabu michezo hiyo ya kubahatisha. Ndani yake anafanya kazi ambayo leo mtoto wa sekondari huifanya kwa dakika mbili. Chukua dadu mbili. Kila moja ina nyuso 6, kwa hiyo zikirushwa pamoja kuna njia 36 za kuanguka. Jumla ya 2 ina njia moja tu. Jumla ya 7 ina njia 6. Dadu zikiwa tatu, njia zinafika 216. Wachezaji wa zama zake waliona ni mkono wa fulani wenye bahati, yeye akaona namba. Kitabu hicho kilichapwa mwaka 1663, yeye ameshakufa miaka 87. Wafaransa Pascal na Fermat, wanaosifiwa kwa elimu hii, waliandikiana barua zao mwaka 1654, cha Cardano kikiwa bado hakijachapwa.

Elimu hiyo si haramu. Nimesoma sekondari, nimeifanya kwenye mtihani, na wanangu nawataka waijue.

Sasa hapa ndipo nilipokosa jibu kwa yule kijana. Hesabu ilimfaa Cardano! Urithi mdogo aliopata kwa baba yake ulipomwishia akiwa mwanafunzi, alijiendesha kwa kamari, na alishinda mara nyingi kuliko alivyoliwa. Yeye anajua zile 36 na anayekaa mbele yake hajui, mtashindanaje? Kijana wangu atasema, unaona sheikh?

Naona. Na ninaona vilevile kosa letu sisi wa mimbarini, mimi nikiwa wa mwanzo, maana khutba hizo nimezitoa nyingi. Tumeifanya hoja yetu yote iwe "utaliwa". Akishinda je? Itakuwa halali?

Fungueni Sura ya Al-Baqara aya ya 219. Allah (s.w.) hakukanusha kwamba katika pombe na kamari yamo manufaa kwa watu. Ametaja kuwa yamo, kisha akatueleza kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Halafu nendeni Al-Maida, aya ya 91, baada ya ile ya 90 inayotuamrisha kuyaepuka. Zimetajwa sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Allah na Swala. Isomeni tena na tena. Hasara ya pesa haikutajwa pale. Aliyeliwa na aliyeshinda wote wamo.

Na maisha ya Cardano yakiwekwa kando ya aya hiyo yanatisha.

Uadui: alipokuwa Venice alicheza karata nyumbani kwa mtu, akaliwa. Akagundua karata zimetiwa alama. Akachomoa kisu akamchana yule mtu usoni, akachukua pesa, akatoroka. Usiku huohuo akatumbukia majini. Huyu ni daktari, ndugu zangu, na kisa hicho amekisimulia mwenyewe.

Muda: ziko siku 365 kwa mwaka. Zidisheni kwa 25 muone alitumia siku ngapi kwenye dadu. Yeye mwenyewe anasikitika kwamba kwa mpigo mmoja alipoteza heshima, mali na wakati, na kati ya hivyo wakati ndio usioweza kushindwa tena mezani.

Nyumba: alimwoa Lucia mwaka 1531. Walipohamia Gallarate mambo yakabana, akarudi kwenye meza. Vito vya mkewe vikawekwa rehani, na baadhi ya vyombo vya ndani. Mwisho wake familia ikapokewa katika nyumba ya maskini mjini Milan. Zile njia 36 alikuwa anazijua. Lucia ndiye ninayemfikiria zaidi hapa, kwa sababu akina Lucia wananijia ofisini kila mwezi, na wengi wao hata hawajui simu ya mume imekopa kiasi gani.

Watoto: mkubwa, Giambattista, alikatwa kichwa mwaka 1560 kwa kosa la kumpa mkewe sumu. Hilo silifungi kwenye kamari, nisije nikamzulia maiti. Lakini mdogo, Aldo, alikuwa mcheza kamari, akaliwa, akavunja nyumba ya baba yake mwenyewe kuiba. Mzee akalazimika kumshitaki kwa wakubwa wa Bologna, na kijana akafukuzwa mjini. Baba aliifundisha dunia hesabu ya dadu, na mwanawe akabaki na dadu bila hesabu. Cardano alifariki Roma mwaka 1576.

La kampuni za kubeti nalipita haraka. Cardano alicheza na mtu aliyekaa mbele yake. Kijana wangu anacheza na kampuni yenye wanahesabu wa kuajiriwa, ndiyo inayopanga odi, na ndani ya hizo odi imeshajikatia chake. Lakini sitaki kurudi kwenye "utaliwa", maana kesho atashinda aje kunionesha.

Jana nilimwita. Sikumuuliza ameliwa ngapi wala ameshinda ngapi. Nilimuuliza Jumamosi, mechi za Uingereza zikichezwa jioni, Maghrib anaiswali wapi. Nikamuuliza na yule rafiki yake waliyechangiana mkeka mwaka jana, mbona siku hizi wanapishana njiani bila salamu. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Hilo la rafiki nani kakwambia, sheikh?"

Daftari bado analo. Nimemwomba Jumamosi hii baada ya Alasiri aje madrasa awafundishe wadogo zake mirathi, kwa sababu macho yangu yamechoka na wao wamefika kwenye mafungu magumu. Amesema atakuja, kama hakuna mechi.

Muombeeni dua.