Kosa si la Uso

Yako maneno ambayo wapiga picha wetu huyasema kwa wepesi mno, nayo ni haya: uso mweusi hautoki vizuri katika picha. Nimeyasikia Dar es Salaam, nimeyasikia Bagamoyo, na juzi niliyasikia kwetu Zinga katika arusi, yakisemwa na kijana aliyekuwa akimpaka bwana arusi poda kabla ya kumpiga picha. Nayapinga maneno hayo. Uso haukukosa neno. Aliyekosa ni yule aliyeuelekezea kamera pasipo kuutazama.

Sisemi habari za picha za rangi. Huko mpiga picha ana udhuru, na tena wa haki, kwa kuwa kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu ili zipimie usahihi wa rangi, na ngozi zisizofanana na yake zikaachwa zijitegemee. Katika picha nyeusi na nyeupe udhuru huo ni mwembamba. Ni kweli kwamba filamu za kale za othokromatiki hazikuona wekundu, nazo zilizidisha giza katika ngozi ya hudhurungi. Lakini zile za pankromatiki zilizofuata huona rangi zote zionwazo na jicho, nazo zilikuwa mikononi mwa watu hata kabla ya Vita Kuu ya Pili. Kilichobaki ni mkono wa fundi na akili yake.

Tazama jinsi kosa litendekavyo. Mzee amevaa kanzu nyeupe, amesimamishwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na jua la saa sita li utosini pake. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hakimjui mzee wala kanzu. Hudhani kwamba yote yaliyo mbele yake ni kijivu kirudishacho mwanga kadiri ya asilimia 18. Kionapo weupe mwingi huamuru mwanga upunguzwe: kanzu hugeuka kijivu, na uso huzama. Ndipo fundi wetu asemapo, "Mzee huyu ni mweusi mno." Laiti angalisogea karibu akaupima uso peke yake, kisha akapunguza hatua moja, maana kipimo kile kile sasa kingetaka kuugeuza uso nao uwe kijivu! Chombo hupumbaa upande huu na upande huu, na mwenye chombo hulaumu ngozi.

Tena ngozi nyeusi hudhihirisha umbo lake kwa mng'ao zaidi kuliko kwa kivuli. Neno hili moja lingaliwatosha wapiga picha wetu kwa mwaka mzima. Mng'ao wataka mwanga mpana, utokao ubavuni: mlango ulio wazi, au baraza chini ya makuti wakati jua lingali upande wa bahari. Taa ndogo ya kamera, imulikayo sawasawa na lenzi, hutia doa jeupe pajini na kuacha mashavu bapa kama sahani. Na ule ukuta wa chokaa, ambao ni mali kubwa ya pwani, uwe ubavuni mwa mtu, usiwe mgongoni pake. Mgongoni humshinda, ubavuni humwazima nuru. Nyuma yake na uwepo mlango wa mbao, au giza la ukumbi, mradi nywele zisipotee humo.

Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aghalabu alipiga picha uani kwa nuru ya mchana, nyuma ya watu wake ametundika kitambaa chenye nakshi. Nyuso zile ni nyeusi, na hakuna hata moja iliyozama. Unguja nako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wa mji ule wakaketi mbele ya kamera yake bila kuambiwa warudi wakiwa weupe.

Nitaambiwa kwamba wateja wenyewe huomba wang'arishwe. Huomba, sikatai. Lakini mtu ambaye tangu utotoni ameonyeshwa sura yake kama shimo lenye meno ataomba nini kingine? Na siku hizi simu humng'arisha kabla hajaomba.

Bibi yangu mzaa mama alipigwa picha mwaka 1974 barazani kwake Zinga, na mpiga picha mpitaji ambaye jina lake hatukulishika. Alikuwa akisuka ukili. Nuru ilimjia kutoka kushoto, ikapita shavuni, ikashuka hata vidoleni. Alipofariki tuliipeleka picha ile katika studio moja ya mjini ikuzwe. Walitupa picha kubwa, wamemkata mikono ili uso ukae katikati, na uso wenyewe wameupausha hata makunyanzi hayaonekani. Picha ya asili, walisema, imepotea.

Hiyo kubwa ndiyo iliyotundikwa ukumbini hata leo. Mpwa wangu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya maziko, aliulizwa na mgeni bibi yetu alikuwa mtu wa namna gani. Alitazama ukutani, akajibu kwamba alikuwa mweupe.