Unyoya wa Jogoo na Somo la Kiswahili

Kazi isiyoelezwa kwa lugha ya waifanyao hubaki milki ya waiagizao. Ushahidi wa kauli hii ni mwingi nchini Kenya. Leo nauchukua ulio mdogo kama kidole: chambo cha manyoya cha kuvulia samaki aitwaye trauti.

Trauti si mwenyeji wetu. Aliletwa kutoka Uingereza mwaka 1905 na kutiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Baadaye akaenezwa katika mito mingine ya baridi, ukiwemo Suam wa Mlima Elgon. Wengi wamvuao hawatumii mnyoo, bali ndoana iliyovishwa manyoya ikafanana na mdudu au kisamaki. Kwa miongo mingi mafundi wa Kenya wamefunga vyambo hivi kwa ajili ya wavuvi wa ng'ambo.

Wapo wadaio kuwa ufundi huu hauelezeki ila kwa Kiingereza. Na tuwajibu kwa kuueleza.

Ndoana yenye uti mrefu hubanwa kwenye jiliwa. Uzi uliopakwa nta huzungushwa kwenye uti huo, toka karibu na tundu hadi penye kipindo. Hapo hufungwa hariri na utepe wa rangi ya fedha. Hariri huviringishwa kurudi mbele ikawa kiwiliwili, na utepe huifuata kwa mizunguko iliyoachana sawasawa. Kisha huja mabawa: manyoya manne membamba ya jogoo, mawili kila upande, yaliyolingana urefu. Jozi mbili hizo hutazamana kwa ndani, ili mpinda wa moja uondoe mpinda wa nyingine. Manyoya yakikaa upande, chambo huzunguka majini kama pia, na samaki hadanganyiki. Mwisho, kichwa hukazwa kwa uzi na kupakwa vanishi.

Je, ni neno gani hapo lililomshinda msomaji? Ndoana na chambo tumeachiwa na wavuvi wa pwani. Jiliwa limo katika karakana za mafundi. Uzi, nta na hariri ni vya mshonaji. Hapakuhitajika kamati ya kuunda istilahi. Ilihitajika tu kuazima kwa jirani.

Waama, ufundi wenyewe huazimana. Carrie Stevens wa jimbo la Maine, Marekani, aliyebuni chambo mashuhuri cha aina hii kiitwacho Gray Ghost, alikuwa mshona kofia za wanawake. Mwaka 1924 alinasa trauti wa kilo 3 na zaidi kwa chambo alichokifunga mwenyewe. Jiliwa hakutumia; alifunga kwa vidole vitupu. Mazoea ya kushika manyoya ya kofia yalimvusha hadi kwenye ndoana.

Nitaambiwa kwamba uvuvi huu ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba mnunuzi huagiza kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini barua ya kuagiza husomwa mara moja, ilhali kazi hufundishwa kila siku, benchi kwa benchi. Fundi asiye na maneno huonyesha tu; hawezi kuandika alichokijua, na akistaafu huondoka nacho.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Cheo hicho hakina maana iwapo darasani tunakitumia kwa methali na ushairi pekee. Huko Lugulu, kati ya Bungoma na Kitale, mgeni huchinjiwa kuku, na manyoya huishia jaani. Mwalimu na ayaokote. Awape wanafunzi manyoya, uzi na kipande cha waya kilichopindwa mfano wa ndoana. Mmoja aandike maelezo, mwingine afunge kwa kuyafuata, bila kuuliza neno. Bawa likikaa upande, warudie kwanza sentensi, kisha fundo.